Mwalimu Ni Karatasi: Jinsi Upanga wa Ulaya Unavyofufuliwa

Ndugu wasikilizaji, mlioko nyuma sogeeni. Baadhi ya vitu vilivyo hapa mezani ni vyembamba, havionekani kwa mbali, na mengi ya leo yanahitaji macho kuliko masikio.

Huu wa kwanza ni upanga wa mikono miwili. Upanga, si panga la kufyekea. Toka ncha mpaka kirungu cha mwisho wa mpini una sentimita 130 hivi, na uzito wake ni kilo moja na nusu. Tuanze na huo uzito, kwa sababu sinema zimewaaminisha watu kwamba shujaa wa Ulaya ya kale alikuwa akiburura nondo ya kilo kumi na kumponda nayo mwenzake kama anayetwanga mpunga. Panga za namna hii za karne ya 15 zilizosalia makumbushoni, zikiwekwa kwenye mizani, nyingi huangukia kati ya kilo 1.1 na 1.8. Tena uzito umekaa karibu na mkono. Ukiulaza upanga juu ya kidole kimoja, utatulia sentimita chache tu mbele ya msalaba, yaani kile chuma kinachokinga ngumi. Ndiyo maana ncha inageuka upesi. Silaha inayogeuka upesi haiendeshwi kwa ubavu, inataka ufundi, na ufundi huo uliwahi kuandikwa.

Maandishi hayo ndiyo kiini cha maneno yetu. Watu wanaoufufua upanga huu, wa Sweden, wa Italia, wa Poland, hata wa Marekani, huuita mchezo wao kwa herufi nne, HEMA, kifupi cha Kiingereza cha sanaa za mapigano za kihistoria za Ulaya. Wasemaji wa Kiswahili tunaruhusiwa kucheka, maana hamna hema wala kamba za hema ndani yake. Kazi yao ni ngumu kuliko inavyoonekana: wanajifunza kupigana kutoka kwa walimu waliokufa miaka mia tano, mia sita iliyopita.

Kijana wa Lamu anayecheza kirumbizi hana shida hiyo. Anamtazama mkubwa wake, anashika fimbo, anakosea, inampata ya mkono, kesho hakosei. Razha ya Waomani, ile ambayo upanga hurushwa hewani ukadakwa, nayo imetoka kwa baba kwenda kwa mwana. Upanga wa mikono miwili wa Ulaya haukupata bahati hiyo. Bunduki iliutoa vitani, upanga mwembamba wa kuchomea ukauondoa viunoni mwa waungwana, na shule za Ujerumani zilizoendelea kuufundisha kama mchezo zikafifia katika karne ya 17. Mnyororo ukakatika. Kwa hiyo akija mtu leo akakwambia kwamba ukoo wake umetunza siri ya upanga huu tangu enzi za Vita vya Msalaba, mwombe maji ya kunywa kisha badilisha mazungumzo.

Kilichobaki ni karatasi, na ngozi ya mnyama iliyoandikwa kwa wino.

Kitabu cha upanga cha zamani kuliko vyote vinavyojulikana Ulaya kiko Leeds, Uingereza, katika makumbusho ya Royal Armouries, kwa namba I.33. Kilitengenezwa Ujerumani yapata miaka ya 1320, kwa Kilatini kilichochomekwa maneno ya Kijerumani pale Kilatini kilipokosa istilahi. Upanga wake ni wa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika kingao kidogo cha kukinga ngumi. Mwalimu ni kasisi, na katika kurasa za mwisho anayeshika upanga pamoja naye ni mwanamke, jina lake Walpurgis. Kitabu hiki kilikuwa Gotha, kikatoweka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kikaibukia mnadani London mwaka 1950. Hiki kiliibuka.

Wa pili wa kumjua ni Fiore dei Liberi, Mwitalia aliyemtungia Niccolò III d'Este, bwana wa Ferrara, kitabu cha mapigano yapata mwaka 1409. Nakala zake nne zinajulikana, na tatu kati ya hizo ziko wazi kwa watafiti: Los Angeles, New York na Paris. Fiore si mtu wa maneno mengi, lakini kwenye dibaji anaeleza kwamba mara tano alilazimika kupigana kwa panga kali, mwilini ana koti la kitambaa kilichoshindiliwa na mikononi glavu za ngozi laini, dhidi ya walimu wenye wivu aliokataa kuwafundisha. Mtu wa namna hiyo akisema weka mguu hapa, unauweka.

Shida ni kwamba mara nyingi hasemi. Anachora. Na picha zake zina alama ambazo ni lazima uzijue kwanza. Mwenye taji kichwani ni mwalimu, anayeonyesha mkao au dawa ya shambulio. Mwenye utepe wa dhahabu chini ya goti ni mwanafunzi wake, anayeendeleza dawa ile ile katika picha zinazofuata. Asiye na kitu ndiye anayepigwa. Akitokea mwenye taji na utepe pamoja, huyo ni mwalimu wa kupinga, anayeivunja dawa ya yule wa kwanza. Asiyejua alama hizi husoma ukurasa mzima kinyume: humsifu aliyekwisha kuuawa. Hata ukizijua, picha ni ya kufumba na kufumbua. Ni sawa na kumpiga mtu picha akiwa hewani juu ya mtaro: humwoni alitoka ng'ambo ipi.

Wajerumani walikuwa na tabia nyingine. Mwalimu wao mkuu, Johannes Liechtenauer wa karne ya 14, aliacha mashairi. Mistari yenye vina, miwili miwili, iliyofumbwa makusudi ili walimu wa ovyo wasiyatandaze mafunzo mitaani. Mwanafunzi aliyefundishwa alikumbuka somo zima kwa kughani mistari miwili. Asiyefundishwa alisikia mafumbo. Anayejua namna malenga wetu walivyoficha maana ndani ya beti ataelewa mara moja. Bahati ni kwamba warithi wake waliandika ufafanuzi. Upo wa Sigmund Ringeck, uliohifadhiwa Dresden, na upo mswada wa mwaka 1452 unaojulikana kwa jina la Peter von Danzig, ulioko Roma. Nuremberg kuna daftari lenye namba 3227a, ambamo masomo ya upanga yamekaa jirani na maelekezo ya kukaza chuma na ufundi mwingine wa nyumbani. Baadaye, mwaka 1570, Joachim Meyer alichapisha kitabu kinene mjini Strasbourg, chenye mpangilio wa mwalimu hasa: mikao kwanza, mapigo, kisha mazoezi marefu.

Jaribio la kwanza la kuyafufua haya halikuwa la kizazi chetu. Egerton Castle alitoa kitabu chake cha historia ya upanga mwaka 1885, na rafiki yake Alfred Hutton, kapteni wa jeshi la Uingereza, akatoa vyake mwaka 1889 na 1892. Walifanya maonyesho London, wakawafundisha waigizaji wa jukwaani. Tuwape heshima yao, lakini walikuwa na kasoro moja kubwa: waliitazama historia kama ngazi, kila karne ikipanda daraja, na juu kabisa ukakaa upanga mwembamba wa michezo wa siku zao. Mtu mwenye fikra hiyo akifungua kitabu cha karne ya 15 anaona ushenzi na nguvu tu, kwa kuwa ndicho alichokwenda kukitafuta. Hutton alifariki mwaka 1910, Castle mwaka 1920, na katikati kulikuwa na vita vilivyomaliza vijana. Jambo likalala.

Liliamka miaka ya 1990, na lililoliamsha ni mashine ya fotokopi kwanza, intaneti baadaye. Maktaba ya Bavaria, Ujerumani, ikaweka picha za miswada yake wazi kwa wote, na nyingine zikafuata. Mtu wa Gothenburg, Sweden, akaweza kubishana na mtu wa Bologna, Italia, juu ya ukurasa ule ule, usiku ule ule. Mashindano ya Gothenburg yaitwayo Swordfish, yaliyoanza mwaka 2006, yakawapa mahali pa kuumaliza ubishi kwa chuma.

Sasa tuone kazi yenyewe inavyofanyika. Tutachukua fumbo moja.

Liechtenauer anasema, kwa Kiswahili chetu: akukataye kutoka juu, ncha ya dharuba ya hasira yamtishia. Dharuba tumelichukua makusudi. Watunzi wa tenzi zetu za vita walilitumia kwa pigo la upanga, na linafaa kuliko neno lolote la kubuni. Dharuba ya hasira ni pigo la mshazari kutoka bega la kulia, pigo analolipiga hata mtu aliyekasirika asiyejua kitu. Mjerumani huliita Zornhau.

Ufafanuzi wa Ringeck unaongeza hivi. Adui akikukata kutoka juu upande wake wa kulia, nawe kata kutoka bega lako la kulia kwa makali marefu, kwa nguvu, pamoja naye. Akiwa laini kwenye upanga, choma moja kwa moja usoni. Basi. Hakuna aliyeandika mguu unakwenda wapi, panga zikutane sehemu gani, wala ncha iishie kimo gani.

Watazameni polepole wenzetu hawa wawili. Wote wawili wanatumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto uko mbele, magoti yamelegea, upanga umekaa begani. Wa kushoto kwenu anashambulia: anakata kichwa cha mwenzake. Wa kulia haukingi upanga. Anakata kumwelekea mtu. Mikono inanyooka kwanza, ncha inatangulia, mguu wa kulia unaingia mbele na kidogo kuume, ukikanyaga wakati chuma kinagusana na si kabla. Panga zinakutana mbele ya nyuso zao na kushikana. Simameni hapo.

Hapa ndipo ufundi wote ulipo. Upanga una sehemu mbili: nusu iliyo karibu na mpini ni imara, nusu ya kuelekea nchani ni dhaifu. Weka imara yako juu ya dhaifu ya mwenzako, hata mtoto atamsukuma mtu mzima. Geuza mambo, hata dobi mwenye mikono ya chuma atasukumwa. Na katika kushikana huko, kila mmoja anasikia kiganjani mwenzake anafanya nini. Wajerumani waliita kuhisi, na wakaita tendo linalofuata kwa neno Indes, ambalo Kiswahili kinalo tayari: papo hapo. Hungoji. Huna muda wa kufikiri. Ukihisi analegea, papo hapo ncha inakwenda usoni, kwa kuwa tayari inamtazama. Ukihisi anausukuma upanga wako kando ili kuinusuru sura yake, basi fumbo linaendelea: akiiona, iondoe juu bila hofu. Unainua ncha, unaivusha juu ya chuma chake, unakata upande wa pili wa kichwa, ule ule alioufungua mwenyewe kwa kusukuma. Akiwa na nguvu lakini ametulia hasukumi, hubanduki. Unaupandisha mpini kando ya kichwa, imara yako inaishika dhaifu yake, na ncha inateremka kutoka juu hadi usoni au kifuani. Huko wanaita kupinda.

Majibu matatu kwa mistari minne mitano ya shairi, na kila jibu linategemea kiganja kimehisi nini.

Kinachoharibika ni nini? Cha kwanza na kikubwa: mwanafunzi hukata upanga badala ya kumkata mtu. Anauona upanga wa mwenzake unakuja, anaufuata, na zikikutana ncha yake inatazama ukutani. Hana pa kuchoma. Dawa ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya: mwenzake aache kushambulia mara moja kati ya tatu, asimame tu. Ikiwa dharuba ya mwanafunzi haikumfikia mtu kabisa, alikuwa anafukuza chuma.

Kosa la pili ni kutanguliza mguu. Mwili ukifika kabla ya upanga, umempelekea adui kichwa bila kinga. Na la tatu ni la watu wenye nguvu. Wanabana mpini kama wamekamata nyundo, kiganja kinakufa, hawahisi lolote. Shika kwa vidole vya chini, cha gumba na cha shahada viache vikiwa hai. Mkono wa kulia ukae karibu na msalaba, wa kushoto chini kwenye kirungu, na wa kushoto ndio unaoendesha usukani.

Hapa mtu makini atauliza: mmejuaje kwamba mguu unakwenda kuume, ikiwa kitabu hakikusema? Swali zuri kuliko yote. Jibu ni kwamba mengine yanasemwa kwingine, kwa mfano maandishi ya mila hii husisitiza kulifuata pigo la kulia kwa mguu wa kulia, la sivyo pigo linakuwa fupi. Mengine hujaribiwa. Tafsiri ya fumbo hupitishwa kwenye vichujio vitatu: je, inakubaliana na maneno na picha, je, inafanya kazi mwenzako anapokataa kushirikiana, na je, upanga mkali ungekata kwa pigo la namna hiyo? Tafsiri ikifaulu viwili na kufeli cha tatu, turudi kitabuni. Kuna pigo liitwalo Krumphau, dharuba iliyopinda, ambalo limekwisha kupata tafsiri nyingi zinazogongana, na kila miaka michache huja mtu na nyingine yenye hoja nzuri.

Kichujio cha pili, yaani mwenzako kukataa kushirikiana, ndicho kinacholeta vifaa hivi vyote. Tuviangalie.

Upanga tuliouanza nao una jina la Kijerumani, feder, na si uvumbuzi wa leo. Vya aina hii vipo makumbushoni kutoka karne ya 16. Ona hapa juu ya msalaba, chuma kinatanuka kama kiganja kisha kinakuwa chembamba ghafla. Hilo tanuo hubakiza uzito karibu na mkono na kukinga vidole kidogo, wakati sehemu iliyobaki ni nyembamba na inapinda. Ukimchoma mtu kifuani, chuma kinajikunja kama upinde badala ya kupita. Ncha imekunjwa au kutanuliwa ikawa duara, na juu yake watu huvisha kifuniko cha mpira au ngozi. Makali ni bapa, kama unene wa shilingi mbili zilizobebana. Chuma ni cha springi. Chuma laini kikipinda hubaki kimepinda, na kilichokazwa kupita kiasi hukatika.

Na hukatika hata kizuri. Panga zikigongana kila wiki, makali yanapata mapengo madogo yenye vikucha. Kikucha kinachana glavu na ngozi. Pengo lenye kona kali ni mbegu ya ufa. Kwa hiyo kila baada ya mazoezi pitisha kitambaa cha pamba kwenye makali, na kinapong'ang'ania ndipo pa kupiga tupa. Chonga mpaka pengo liwe bonde la mviringo, malizia na msasa, futa jasho, paka mafuta ya cherehani. Ukiona mstari mwembamba unaovuka chuma kutoka makali kwenda kati, upanga huo umekufa. Usiurudishe mazoezini hata kama umenunuliwa jana. Kipande kilichovunjika kina ncha kali kuliko sindano ya gunia.

Barakoa hii asili yake ni ya mchezo wa upanga wa Olimpiki. Wavu wake wa chuma huzuia ncha, hilo hulifanya vizuri. Isichokifanya ni kuumeza mshindo. Upanga wa michezo ya Olimpiki hauna hata kilo moja wakati feder ina kilo moja na nusu, na mshindo ule unapita wavu, unatikisa kichwa, na kichwa kinatikisa ubongo. Ndiyo maana juu yake kuna kofia nene ya sponji na ngozi, na nyuma kuna kinga ya kisogo. Barakoa yenyewe haifuniki kisogo kabisa, kwa kuwa katika mchezo ule ni nadra mtu kupigwa huko. Katika huu, mtu akijiinamia au kugeuka kwa hofu, kisogo ndicho kinachopokea. Aliyepigwa kichwani akaona kizunguzungu, akachefukwa au akasahau alama ni ngapi, anakaa chini siku hiyo. Habishani, hajaribu tena baada ya maji.

Kinga ya koo ni ngumu, inavaliwa chini ya kitambaa cha barakoa. Wanaoanza huidharau kwa kuwa kile kitambaa kinaonekana kutosha. Jaribu: vaa barakoa, inua kidevu, mwenzako apandishe kidole kutoka kifuani kwenda juu. Kidole kinaingia chini ya kitambaa mpaka kooni, na ncha ya upanga ingefanya vivyo hivyo.

Lakini kinachoumia kuliko vyote ni vidole, hasa gumba. Mikono ndiyo iliyo mbele ya kila kitu, na mapigo kadhaa ya Wajerumani yanataka gumba lilale juu ya ubapa wa chuma, nje kabisa ya ulinzi wa msalaba. Glavu za pikipiki hazitoshi, hata ziwe na plastiki juu ya vifundo. Gumba na ncha za vidole zinataka ganda gumu lililobebana kama magamba ya kobe, na nafasi ya hewa chini yake. Glavu nzuri ni ghali, mara nyingi ghali kuliko barakoa, na hapo ndipo watu hubana matumizi. Ushauri wetu ni kinyume: kama fedha ni ya kitu kimoja, nunua barakoa. Ikiwa ni ya viwili, glavu. Jaketi la kinga na pedi za magoti zitasubiri, ila hutapambana kwa kasi kabla hazijafika. Panga za nailoni ni nafuu na zinafaa kwa hatua za mwanzo, ila tahadhari moja: nailoni inateleza na kuruka zinapogongana, haishikani kama chuma. Mtu aliyekaa nazo mwaka mzima huwa hajawahi kuhisi kitu tulichoonyesha hapa.

Kichujio cha tatu ni kukata. Huko upanga ni mkali kweli, na hauchanganywi kamwe na mazoezi ya watu wawili: siku yake peke yake, mkataji mmoja, wengine wote nyuma yake. Shabaha ya kawaida ni goza la Kijapani la tatami, lililoviringishwa likafungwa kamba, likalowekwa majini siku nzima, kisha likasimamishwa kwenye kigingi. Aliyekulia shambani anajua tayari somo lenyewe. Panga likienda mshazari huku ubapa wake umegeuka kidogo, linaruka juu ya majani au kukwama mgombani. Kiganja kinauma na mgomba umesimama. Upanga una sheria hiyo hiyo, tena una makali kuwili ya kuchunga. Mkato mzuri unaacha uso laini kama sabuni iliyokatwa kwa uzi. Mkato wenye mbonyeo kama kijiko unakwambia ulizungusha kiganja njiani. Goza lililoanguka na kigingi chake linakwambia ulisukuma. Hapo ndipo baadhi ya mbinu zinazoleta pointi nyingi mashindanoni zinapoumbuka, maana zinagusa tu.

Hilo linatufikisha kwenye mashindano, ambako maoni yetu hayawapendezi wote. Mashindano yana faida isiyo na mbadala. Anayetaka kukushinda kweli, tena mgeni, anafichua mbinu ya uongo kwa dakika moja. Ila kila kanuni ya pointi inafuga tabia yake. Ukitoa pointi sawa kwa mkono na kwa kichwa, watu wote watawinda mikono, kwa kuwa iko karibu, na utaangalia siku nzima watu wakinyooshea vidole ncha. Ukipuuza pigo la kulipiza, yaani lile analolirusha aliyepigwa kabla hajaanguka, unafuga watu wanaojitupa mbele. Ukiliadhibu mno, watu wanasimama mbali wakitazamana. Tatizo kuu ni pigo la pamoja, wote wawili kupigana kwa wakati mmoja. Barakoani huo ni mchezo, ila kwa upanga mkali ni maziko mawili. Waandaaji wengine hufuta pointi, wengine huwatoa wote wawili zikifika idadi fulani. Sisi tunaona adhabu ya kuwatoa wote wawili ndiyo inayosikika, ingawa inakasirisha watazamaji. Hofu ya kufa, ambayo Fiore alikuwa nayo mara tano, haiwezi kuandikwa kwenye kanuni. Inabidi ikopeshwe kwa namna fulani.

Wanaouliza waanzie wapi bila chama cha karibu: kata fito mbili za mti mgumu, sentimita 120 kila moja, zipige randa zisiwe na vibanzi. Chukua pigo moja tu, hili la leo, na mwenzio mmoja. Wiki mbili za kwanza fanyeni kwa mwendo wa mtu anayechota maji kisimani, bila kuharakisha, mkisimama kila panga zinaposhikana na kuulizana kwa sauti: laini au ngumu? Bila barakoa, fimbo haiongezwi kasi, hata kidogo. Fimbo ni nzito na haipindi.

Basi, muda wa maswali tutautumia tukiwa tumesimama. Wanaotaka kuushika upanga wapite upande huu wa kulia, wawili wawili. Vueni pete na saa. Kina mama wenye bangili nao vilevile, maana chuma kikiteleza hukwama hapo. Mguu wa kushoto mbele.